Namna ya kusoma latitudo na longitudo, na kutuma mahali kwa namba bila kumpoteza mtu

Simu ikikuonyesha -6.81, 39.29, imekutajia mahali pamoja tu duniani kote: katikati ya jiji la Dar es Salaam. Haikutaja mtaa, mwembe mkubwa wala "ukifika ulizia kwa Mzee Juma". Namba hizo mbili zinatosha kulifikisha gari la wagonjwa, boti ya uokoaji au fundi wa umeme. Lakini alama moja ikidondoka njiani, namba zilezile zinaangukia milima ya kusini mwa Ethiopia. Zikibadilishana nafasi, zinaangukia magharibi mwa Hispania.

Watu wengi siku hizi hutuma lokesheni kila siku bila kujua namba zilizo nyuma yake zinasema nini. Mradi simu inafanya kazi, hakuna shida. Shida huanza pale namba zinapoandikwa kwenye karatasi, zinaposomwa kwa sauti kwenye simu, au zinapotoka kwenye ramani kwenda kwenye fomu. Hapo anayeelewa ndiye anayeokoa safari. Andaa rula, atlasi ya shule na simu yako, tuanze.

Hatua ya kwanza: zifahamu sifuri mbili

Kila kipimo kina mahali kinapoanzia. Latitudo huanzia Ikweta. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake, mhimili una ncha mbili, na Ikweta ni mstari ulio katikati kabisa ya ncha hizo, kwa hiyo si binadamu aliyeuchagua. Unapita Nanyuki nchini Kenya, Kayabwe nchini Uganda, na karibu na mji wa Mbandaka nchini Kongo. Ukitoka hapo kwenda juu unahesabu Kaskazini, ukienda chini unahesabu Kusini, mpaka digrii 90 kwenye kila ncha. Haizidi 90 kamwe. Ukiona latitudo ya 95, kuna aliyekosea.

Longitudo haina mwanzo wa asili, ilibidi watu wakubaliane. Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington, wakachagua mstari unaopita kwenye chuo cha kutazamia nyota cha Greenwich, London. Ufaransa haikupiga kura ya kukubali, ikaendelea kuhesabu kutoka Paris hadi 1911. Mstari huo wa Greenwich ukishuka kusini unapita pia Tema, mji wa bandari wa Ghana. Upande wake wa kulia ni Mashariki, wa kushoto ni Magharibi, na kila upande unahesabiwa hadi 180. Afrika Mashariki yote, pamoja na Uarabuni, iko upande wa Mashariki.

Sifuri hizo mbili zinakutana baharini, kwenye Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Ramani ya kompyuta ikionyesha zahanati yako katikati ya bahari hiyo, zahanati haijahama: aliyejaza fomu aliacha nafasi za namba wazi, na mashine ikasoma sifuri, sifuri.

Hatua ya pili: elewa kwamba unapima pembe

Digrii (vitabu vya shule huziita nyuzi) ni kipimo cha pembe, na pembe hiyo hupimwa kutoka kitovu cha dunia. Kila digrii ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Dakika hizi si za saa.

Kwa latitudo, hesabu ya umbali ni rahisi kwa sababu haibadiliki sana popote ulipo. Digrii moja ni takriban kilomita 111. Dakika moja ni kilomita 1.85 hivi, ndiyo maili moja ya baharini. Sekunde moja ni mita 31. Nairobi iko digrii 1 dakika 17 Kusini, Arusha iko digrii 3 dakika 22 Kusini, na longitudo zao zinakaribiana sana. Tofauti ya latitudo ni digrii 2 na dakika 5, yaani kama kilomita 230 kwa mstari ulionyooka. Umeipata kwa kutoa tu, bila kufungua ramani.

Longitudo ni ngumu kidogo. Mistari yake imekaa kama mipasuo kati ya vipande vya chungwa: imeachana katikati, inakutana kwenye ncha. Kwenye Ikweta digrii moja ni kilomita 111. Kwenye latitudo ya 60, ilipo Oslo, imebaki nusu, kama kilomita 56. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tuna bahati, kwani tunaweza kutumia ileile 111 kwa pande zote mbili na tusikosee kwa kiasi cha kutuumiza. Dodoma na mji wa Zanzibar, kwa mfano, viko karibu kwenye mstari mmoja wa latitudo, digrii 6 dakika 10 Kusini. Dodoma iko digrii 35 dakika 44 Mashariki, Zanzibar digrii 39 dakika 12. Zidisha tofauti hiyo kwa 111, unapata zaidi kidogo ya kilomita 380. Ndivyo ilivyo kweli, angani.

Hatua ya tatu: jua nchi yako iko kati ya namba zipi

Hii ndiyo hatua ninayoiona ina faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Kariri mipaka ya nchi yako kwa namba, kama unavyojua mwanzo wa namba za simu za kwenu. Ukiikariri, namba yenye kosa utaibaini kabla hujaituma.

Tanzania inaanzia karibu latitudo 1 Kusini hadi karibu 12 Kusini, na longitudo 29 hadi 40 na nusu Mashariki. Ile 1 ya juu unaweza kuiona kwenye ramani yoyote: mpaka na Uganda, kutoka Mto Kagera kuelekea mashariki ndani ya Ziwa Victoria, umenyooka kwa sababu ni mstari wenyewe wa latitudo digrii 1 Kusini, waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Kwa hiyo mahali popote Tanzania, latitudo kwa namba ni hasi, na longitudo ni chanya ya ishirini na tisa, thelathini na kitu, au arobaini. Ukipewa latitudo ya 39, zimegeuzwa.

Kanuni ya alama ni hii: Kaskazini na Mashariki ni chanya, Kusini na Magharibi ni hasi. Anayeandika neno Kusini au herufi S haandiki alama ya hasi pia, anachagua moja. "-6.81 Kusini" inamchanganya msomaji, kwa sababu kusini ya hasi ingekuwa kaskazini.

Na utaratibu ni huu: latitudo kwanza, longitudo baadaye. Ndivyo simu zinavyoonyesha na ndivyo watu wanavyoandika. Ila programu kadhaa za kuchorea ramani kwenye kompyuta hupanga longitudo kwanza, kwa sababu zinafuata utaratibu wa hesabu wa mlalo kisha wima. Ukiwa unajaza jedwali la visima au shule ili likachorwe ramani, soma kichwa cha kila safu kabla ya kujaza.

Kwa Mtanzania, alama ya hasi ikidondoka kosa linaonekana haraka, maana namba inamtupa nje ya nchi. Kwa Mkenya, Mganda na Mkongo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu Ikweta inazikata nchi zao. Eldoret iko digrii 0 dakika 31 Kaskazini, digrii 35 dakika 16 Mashariki. Badilisha Kaskazini iwe Kusini, uone unapoangukia: kusini kidogo mwa Kericho. Bado uko Kenya, bado uko Bonde la Ufa, ramani inaonyesha mashamba na barabara kama kawaida, na hakuna kinachokushtua. Lakini umekosea kwa zaidi ya kilomita 110. Mtu wa Kisumu, Nakuru, Kampala au Kisangani asiamini kamwe latitudo isiyo na herufi wala alama. Aulize: ya juu ya Ikweta au ya chini?

Hatua ya nne: badilisha kutoka muundo mmoja kwenda mwingine

Mahali pamoja panaweza kuandikwa kwa namna tatu:

6°48'36" Kusini, 39°17'24" Mashariki
6°48.6' Kusini, 39°17.4' Mashariki
-6.81, 39.29

Ya kwanza utaikuta kwenye ramani za karatasi na nyaraka. Ya pili hutumika sana baharini, kwenye vyombo vya GPS vya boti. Ya tatu ndiyo ya simu.

Kutoka ya kwanza kwenda ya tatu: gawanya dakika kwa 60, gawanya sekunde kwa 3600, jumlisha zote na digrii. 48 ÷ 60 = 0.8. 36 ÷ 3600 = 0.01. Jumla 6.81. Ni Kusini, kwa hiyo weka hasi.

Kurudi nyuma: chukua sehemu ya desimali, zidisha kwa 60. 0.81 × 60 = 48.6. Namba nzima, 48, ni dakika. Iliyobaki, 0.6, zidisha tena kwa 60: sekunde 36.

Muundo wa pili ndio unaoleta msiba, kwa sababu unafanana na wa tatu kwa macho. Nahodha anataja "sita, arobaini na nane nukta sita". Aliye nchi kavu anaandika 6.486, na longitudo anaiandika 39.174. Ukiziweka kwenye ramani, mahali hapo pamesogea kaskazini kilomita 36 na magharibi kilomita 13 hivi, mpaka baharini kati ya Bagamoyo na Unguja. Kama ni chombo kilichozimika injini, waokoaji wanatafuta kwenye maji yasiyo na mtu. Kwa hiyo sema maneno yote: "digrii sita, dakika arobaini na nane nukta sita, Kusini". Yanachukua muda zaidi, na kila neno lina kazi.

Hatua ya tano: amua desimali ngapi zinatosha

Desimali moja inakupa usahihi wa kilomita 11, mbili kilomita 1.1, tatu mita 110, nne mita 11, tano mita moja na kidogo. Kwa kumwelekeza mtu kwenye nyumba, nne au tano zinatosha. Simu wakati mwingine inaonyesha tarakimu sita, saba au zaidi. Zile za mwisho ni mapambo, kwa sababu simu yenyewe ikiwa chini ya anga wazi inajua ilipo kwa mita 5 hivi, na ukiwa ndani au kati ya maghorofa inakosea zaidi. Kinyume chake, mtu aliyekupa -6.8, 39.3 amekutajia sehemu nzima ya jiji, hajakutajia nyumba.

Hatua ya sita: soma kutoka ramani ya karatasi

Fungua atlasi kwenye ramani ya Tanzania na utafute Tabora. Tuseme mistari imechorwa kila baada ya digrii 2, na Tabora iko kati ya mstari wa 4 na wa 6 Kusini, na kati ya 32 na 34 Mashariki.

Weka rula wima. Pima umbali wote kutoka mstari wa 4 hadi wa 6: tuseme sentimita 8. Kisha pima kutoka mstari wa 4 hadi kitone cha Tabora: sentimita 4.1. Gawanya 4.1 kwa 8, zidisha kwa 2 (kwa sababu nafasi hiyo ni digrii mbili), unapata 1.025. Jumlisha na 4: latitudo ni 5.025 Kusini, yaani digrii 5 na dakika moja na nusu.

Weka rula mlalo. Kutoka 32 hadi 34 ni sentimita 8, kutoka 32 hadi Tabora ni 3.2. 3.2 ÷ 8 × 2 = 0.8. Longitudo ni 32.8, yaani digrii 32 dakika 48 Mashariki.

Tabora mjini iko digrii 5 dakika 1 Kusini, 32 dakika 48 Mashariki. Rula ya shilingi chache imekufikisha. Lakini angalia kipimo: kwenye ramani hiyo milimita moja ni karibu kilomita 2.8, kwa hiyo penseli butu peke yake inaweza kukuhamishia kijiji cha jirani. Na jambo la kuzingatia: Kusini mwa Ikweta namba za latitudo huongezeka ukishuka chini kwenye karatasi, si ukipanda. Wanafunzi wengi wanapoteza alama hapo, wakihesabu kutoka mstari wa chini kwenda juu.

Kwa kazi ya uwandani tafuta ramani za 1:50,000. Hapo sentimita 2 ni kilomita moja, na dakika moja ya latitudo inachukua karibu sentimita 3.7 za karatasi, kwa hiyo unaweza kuonyesha kisima au daraja.

Kama ramani ni ya zamani, soma maandishi madogo ya pembeni. Ramani nyingi za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa upimaji uitwao Arc 1960, wakati simu hutumia WGS84. Ukihamisha namba moja kwa moja kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, unahama karibu mita 300. Kwa mlima si kitu. Kwa kisima au mpaka wa shamba ni jambo kubwa. Na ukiona kwenye ramani ya kiwanja namba ndefu zisizo na digrii, moja ya tarakimu sita na nyingine ya saba, hizo si latitudo na longitudo. Ni mita za mfumo wa UTM wanaoutumia wapima ardhi. Usizibandike kwenye simu kama zilivyo, mwombe mpima akubadilishie.

Longitudo na saa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo longitudo inapogusa maisha ya kila siku. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa, digrii moja kwa dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya 45 Mashariki, mstari ambao Tanzania yenyewe haiufikii. Ndiyo maana jua halifiki juu kabisa saa sita kamili popote Tanzania.

Dar es Salaam, kwenye 39 na dakika 17, jua hufika kileleni kwa wastani saa 6 na dakika 23. Kigoma, kwenye 29 na dakika 38, hufika saa 7 na dakika moja hivi. Wastani huo hupanda na kushuka kwa kadiri ya robo saa kulingana na mwezi, lakini tofauti kati ya miji miwili siku ileile inabaki palepale: karibu dakika 39. Kwa hiyo ratiba ya swala ya Dar es Salaam haifai Kigoma. Anayefungua saumu Kigoma kwa adhana ya redioni kutoka Dar es Salaam, amefungua jua likiwa bado liko juu ya Ziwa Tanganyika.

Latitudo nayo inasomeka angani. Nyota ya Kaskazini huonekana juu ya upeo kwa digrii zilezile za latitudo yako: ukiwa Muscat, iko kama 23 na nusu. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliipima kwa kamali, kibao kidogo chenye uzi wenye mafundo. Kila wakishuka kuelekea pwani yetu ilizidi kuzama, na wakivuka Ikweta ikawapotea, wakageukia nyota nyingine.

Hatua ya saba: toa namba kwenye simu na uzitume

Toka nje, simama pa wazi, washa lokesheni. Fungua ramani, subiri duara lililozunguka kitone chako lipungue. Bonyeza na ushikilie mahali unapopataka mpaka pini itokee. Namba mbili zitaonekana kwenye kisanduku cha kutafutia au chini, kwenye maelezo ya pini. Zinakili.

Kupokea mawimbi ya setilaiti hakuli bando. Picha ya ramani ndiyo inayokula. Ukiwa porini au baharini bila mtandao, simu bado inaweza kukupa namba, ila inaweza kuchukua dakika kadhaa. Pakua ramani ya eneo mapema ukiwa na mtandao.

Unapotuma kwa maandishi, ongeza alama moja ya kienyeji: "-6.8157, 39.2894, geti la bluu". Namba zinamfikisha mtu mtaani, geti linamfikisha mlangoni. Namba hazisemi uko ghorofa ya ngapi.

Unapotaja kwa sauti, taja tarakimu moja moja: "Latitudo, Kusini, sita nukta nane moja tano saba. Longitudo, Mashariki, thelathini na tisa nukta mbili nane tisa nne." Kisha mwambie akurudishie zote, na baada ya kuziingiza akutajie jina la mtaa linaloonekana kwenye ramani yake. Akitaja mtaa wako, aanze safari. Akitaja bahari, Hispania au Ethiopia, rudieni kuanzia alama ya hasi.